Punje Tatu za Juan Garrido

Tarehe 27 Septemba 1538, katika Jiji la Meksiko, mtu mweusi aitwaye Juan Garrido aliwasilisha ombi la maandishi kwa mfalme wa Uhispania. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa upande wa magharibi wa bara letu, aliyefika Lisbon akabatizwa, akaishi Uhispania miaka kadhaa, kisha akavuka bahari mwanzoni mwa miaka ya 1500. Alikuwa amepigana Puerto Rico, amefika Florida na Juan Ponce de León, na alikuwa upande wa Hernán Cortés mji wa Tenochtitlan ulipozingirwa hadi ukaanguka mwaka 1521. Sasa alikuwa na mke na watoto watatu, na mfukoni hana kitu. Alidai kwamba ametumika miaka thelathini bila mshahara, wala hakugawiwa wenyeji wa kumfanyia kazi kama walivyogawiwa wenzake. Na katika orodha ya mambo aliyotaka mfalme ayakumbuke, alitia na hili: kwamba yeye ndiye wa kwanza kupanda na kuvuna ngano katika nchi ile, kwa wazo lake na kwa gharama yake mwenyewe.

Nimekuwa nikisoma habari za mikate ya Meksiko kwa muda sasa. Ni mikate mingi ajabu, yenye majina ya kuchekesha na maumbo ya kila namna, na kila mmoja una watu wake wanaodai ulitoka kwao. Mimi kila nikifuatilia mkate mmoja kurudi nyuma, naishia kwa huyu bwana.

Kisa cha ngano yenyewe kimesimuliwa na Wahispania wawili wa wakati ule, na ukivisoma pamoja utaona mahali vinapopishana. Francisco López de Gómara, ambaye hakuwahi kukanyaga Meksiko, aliandika mwaka 1552 kwamba mweusi mmoja wa Cortés, jina lake kama sikosei Juan Garrido, alipata punje tatu za ngano ndani ya gunia la mchele akazipanda bustanini. Mbili zikaota, na moja ikazaa punje 180. Andrés de Tapia, aliyekuwa askari katika vita vile, anasimulia vingine. Mchele uliletwa kutoka bandarini, punje tatu zikaonekana, na Cortés ndiye aliyemwamuru mweusi mmoja, mtu huru, azipande. Iliota moja tu. Mbili zilipofukuliwa zilikuwa zimeoza.

Kwa hiyo tuna watu watatu na madai matatu. Tapia anasema wazo ni la Cortés. Gómara anasema mweusi "wa" Cortés. Neno dogo tu hilo, na mtu anageuka mali. Garrido anasema ni mimi. Nani wa kuaminiwa? Kama ni mimi, nitamwamini aliyeshika jembe, ingawa najua kwamba mtu anayeomba pensheni naye ana sababu zake za kujisifu.

Wala sitaki kumpaka mafuta awe shujaa wetu. Garrido alikuja na wavamizi, akafaidi uvamizi. Alipokwenda kutafuta dhahabu huko Zacatula alikuwa na watumwa wa kumchimbia. Mwafrika mwenye watumwa, katika nchi iliyotwaliwa kwa upanga, akilalamika kwamba hakugawiwa wenyeji wa kutosha. Historia haituchagulii mababu wazuri wazuri.

Lakini kwa nini punje tatu ziwe jambo la kumwandikia mfalme? Kwa sababu Mhispania wa karne ile bila mkate wa ngano alijiona hajala. Mpe mtu wa Kakamega kuku mzima bila ugali, halafu umuulize kama ameshiba, utaelewa. Tena walikuwa na imani kwamba chakula ndicho kinachoujenga mwili wa mtu na tabia yake. Mhispania akikaa sana kwa mahindi na mihogo, walihofia, ataanza kugeuka, afanane na watu aliowashinda. Na juu ya hayo yote kulikuwa na kanisa. Hostia ya misa ilitakiwa iwe ya ngano, si nafaka nyingine yoyote. Bila ngano, padri angesimama altareni mikono mitupu.

Wenyeji kwa upande wao hawakuwa na njaa ya mkate wa mtu. Walikuwa na mahindi, na mahindi ni kazi ya mikono yao. Yapata miaka 9,000 iliyopita, katika bonde la mto Balsas kusini-magharibi mwa Meksiko, wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi iitwayo teosinte, ambayo gunzi lake halizidi kidole na punje zake ni ngumu kama kokoto. Vizazi kwa vizazi, hadi likatokea hindi. Kisha wakagundua kwamba mahindi yakichemshwa na chokaa, ganda linatoka, unga unashikana vizuri, na mlaji hapati maradhi yanayowapata watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Mahindi ya namna hiyo wanayaita nixtamal. Unga wake mbichi ukikandwa na kutandazwa juu ya kikaango cha udongo unapata tlaxcalli, ambayo Wahispania waliipa jina lao, tortilla, wakimaanisha kimkate kidogo.

Mahindi hayo yalipopanda meli za Wareno yakaja hadi Afrika, maarifa ya chokaa yalibaki nyuma. Na jina nalo likabaki. Sisi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka India. Ukitaka kujua jinsi mkulima anavyosahaulika, anza na sahani yako mwenyewe.

Ngano basi ililazimishwa. Bonde la Atlixco karibu na mji wa Puebla likawa ghala la ngano la koloni. Lakini wakulima wenyeji hawakuipenda, na sababu yao haikuwa ushamba. Ngano inataka plau na ng'ombe, inataka maji kwa wakati wake, na punje moja ya ngano haizai kama punje moja ya mahindi. Halafu kulikuwa na suala la fungu la kumi. Mazao ya asili ya wenyeji hayakutozwa, ila walitakiwa kutoa fungu la kumi kwa vitu vitatu vya Kihispania: ngano, mifugo na hariri. Sasa wewe mkulima mwenye akili timamu, ukipanda mahindi padri anakupita. Ukipanda ngano anabisha hodi. Ungepanda nini?

Kulikuwa na unga mwingine ambao wamisionari hawakutaka hata kuuona. Wenyeji walisaga mbegu za mchicha, hii jamii ya terere tunayoichuma kama mboga, wakazikanda na asali ya mimea, na kwa donge hilo wakafinyanga sanamu za miungu na za milima. Donge lilijulikana kama tzoalli. Katika sikukuu sanamu zilimegwa, watu wakala. Bernardino de Sahagún, mtawa aliyekusanya habari za Waazteki karne hiyohiyo, ameyaeleza haya kwa kirefu. Fikiria mmisionari anatazama umati ukimega mwili wa mungu na kuula kwa heshima, naye asubuhi ametoka kufanya jambo linalofanana na hilo kwa ngano. Alichukia nini hasa, tofauti au mfanano? Mbegu zile hazikufa. Leo ukipita mitaani Meksiko utauziwa kipande cha mbegu za mchicha kilichoshikanishwa kwa asali au sukari, na jina lake ni alegría, yaani furaha.

Mkate wenyewe ulipokwisha kupata tanuri, ukaanza kuwapanga watu. Katika Jiji la Meksiko la wakoloni kulikuwa na mkate mweupe wa unga safi kwa wenye nacho, na mkate mzito wa unga wa chini kwa wengine. Huo wa chini uliitwa pambazo, neno linalotokana na "mkate wa chini" kwelikweli. Bei haikubadilika, kilichobadilika ni uzito. Ngano ikipanda bei, mkate wa nusu reale unapungua wakia kadhaa, na anayenunua anaona kwa macho yake. (Aliyewahi kupima mkate wetu wa gramu 400 kwa jicho na kuutilia shaka hana haja ya kuelezwa zaidi.)

Nani alikuwa anaoka? Hapa ndipo utamu wa habari hizi unapoisha kidogo. Waokaji wengi wa mji ule walikuwa wamefungiwa ndani. Kulikuwa na wafungwa waliohukumiwa kutumikia kifungo chao katika tanuri la mtu binafsi, na kulikuwa na wafanyakazi waliokopeshwa na tajiri, wasiruhusiwe kutoka hadi deni liishe, na deni lenyewe haliishi. Wanakanda usiku, wanalala palepale kwenye magunia. Mji ukiamka asubuhi unasikia harufu nzuri, haujui imetoka wapi. Waafrika nao walikuwemo Meksiko kwa wingi. Zaidi ya laki mbili waliletwa kama watumwa katika enzi za koloni, wakafanya kazi migodini, kwenye mashamba ya miwa, majumbani na karakanani. Utumwa ulifutwa mwaka 1829 kwa amri ya Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika.

Leo pambazo imepanda cheo. Mkate unachovywa kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili kavu, unakaangwa, unajazwa viazi na soseji, na watu wa kila tabaka wanaupangia foleni. Nadhani hicho ndicho kisasi kitamu kuliko vyote, kumfanya tajiri alipe pesa nzuri apate mkate wa maskini.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale ambapo tanuri la Mhispania lilikutana na ujuzi wa mwenyeji. Mwaka 1591 familia za watu wa Tlaxcala, waliokuwa washirika wa Wahispania tangu vita vya Tenochtitlan, zilihamishiwa kaskazini kwenda kutuliza mpaka. Kundi moja lilikaa kando ya mji wa Saltillo. Walijua kugema utomvu wa mmea uitwao maguey, ndugu wa huu mkonge unaouona ukipita Mwatate (na mkonge wenyewe asili yake ni Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko). Utomvu ukikaa unachacha, unakuwa pombe nyeupe inayoitwa pulque. Mtu wa Kaloleni anayejua mnazi akiionja hatashangaa sana. Basi wapi watapata hamira huko jangwani? Pulque ikawa hamira. Mkate wa pulque unaokwa Saltillo hadi sasa, mtamu kiasi, wenye uchachu kwa mbali. Ngano ya Mashariki ya Kati, tanuri la Uhispania, na kinachouinua ni pombe ya mababu.

Puebla wana cemita, mkate wa mviringo wenye ufuta juu, na jina lake lina mizizi ya Kiarabu, lilipita Uhispania wakati Waislamu walipokaa kule karne nyingi. Kaskazini kuna semita nyingine, na huko utaambiwa kwamba ni mkate wa Wayahudi waliokimbia Baraza la Wachunguzi wa Imani, ndiyo maana eti hautiwi mafuta ya nguruwe. Hadithi hiyo sitaimalizia hapa. Ila Baraza lenyewe halikuwa hadithi. Luis de Carvajal kijana alichomwa moto hadharani katika Jiji la Meksiko mwezi Desemba 1596 kwa kushika dini ya Kiyahudi.

Baada ya uhuru wakaja Wafaransa, na walikuja kwa sababu ya keki. Sitanii. Mpishi mmoja Mfaransa mwenye duka Tacubaya alilalamika kwamba maofisa wa jeshi la Meksiko wameliharibu na kula vitu bila kulipa. Pamoja na madai ya raia wengine wa Kifaransa, serikali ya Paris ikataka ilipwe peso 600,000. Meksiko ikakataa. Mwaka 1838 manowari za Ufaransa zikaifunga bandari ya Veracruz na kuipiga mizinga. Jenerali Santa Anna alipoteza mguu katika mapigano hayo, na baadaye, alipokuwa rais, akauzika mguu huo kwa heshima zote za kijeshi. Mwaka 1839 Meksiko ikaahidi kulipa. Vita hivyo vinajulikana hadi leo kama Vita vya Keki, na mtoto wa shule akivisikia lazima acheke, lakini watu walikufa.

Wafaransa walirudi mwaka 1862 kwa uvamizi mkubwa zaidi, wakamsimika Maximilian awe mfalme mkuu, naye akapigwa risasi na wanajamhuri tarehe 19 Juni 1867. Askari waliondoka, mikate ikabaki. Huko Guadalajara wanasimulia kwamba mkate wao mgumu wa nje, birote, umepata jina kwa mwokaji wa jeshi la Maximilian aliyeitwa Pirotte. Huenda ni kweli, huenda watu walipenda tu jina lifanane. Kilicho wazi ni kwamba chini ya Porfirio Díaz, aliyetawala kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1876 na 1911, tabaka la juu la Meksiko liliiga kila cha Paris, kuanzia kofia hadi mikate ya siagi na mayai.

Na mtaa ukaiga tabaka la juu, kwa namna yake. Chukua concha. Ndani ni donge laini la mayai na siagi, ndugu kabisa wa mikate ya Kifaransa. Juu umefunikwa ganda la sukari, unga na mafuta, lililochorwa mistari kama gamba la kombe la baharini, na ndilo linalompa jina. Wengine waliita mikate yao masikio, pembe, busu, jicho la ng'ombe, tai. Kuna ya sukari guru yenye umbo la nguruwe. Ukiingia dukani unachukua sinia na koleo, unazunguka ukichagua mwenyewe, na utamsikia mtu mzima na tai yake shingoni akimwambia muuzaji nina busu mbili na nguruwe mmoja. Mfaransa angeona aibu. Nadhani ndiyo maana walifanya hivyo.

Wakubwa hawakucheka. Mwaka 1899 mwanasiasa Francisco Bulnes alichapisha kitabu ambamo aliwagawa wanadamu katika makundi matatu kwa nafaka wanayokula: watu wa ngano, watu wa mchele na watu wa mahindi. Ngano, alisema, ndiyo imezaa mataifa yenye maendeleo ya kweli. Mahindi yamewafanya walaji wake wawe wanyonge na wazito wa mabadiliko. Mimi niliyelelewa kwa ugali asubuhi (kiporo, na chai), mchana na jioni, nilipokutana na hoja hiyo niliweka kando nilichokuwa nakisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Sababu yake ni hii: kwa karne nne mwenyeji alilaumiwa kwa kutotaka ngano, wakati ardhi yenye maji ya kumwagilia ilikuwa mikononi mwa wenye ngano. Ukimnyang'anya mtu shamba kisha ukamwambia umaskini wake unatokana na anachokula, umemaliza kila kitu bila kutaja shamba.

Wasomi wa serikali walishika wazo hilo kwa miaka mingi baadaye, wakitaka wananchi waache tortilla wale mkate. Wananchi wakakubali mkate. Tortilla hawakuacha.

Sasa pan de muerto, mkate wa wafu, ambao ndio maarufu kuliko yote siku hizi. Niliwahi kula nyumbani kwa mama mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa akiishi Nairobi. Ni wa mviringo, umenyunyiziwa sukari, na juu yake kuna vipande vya donge vilivyopishana kama mifupa, na kifundo katikati mfano wa fuvu. Nilipoumega nikapata harufu niliyoijua lakini si mahali pake, kama marashi yanayotiwa kwenye vitamu vya Mombasa. Ni maji ya maua ya mchungwa, akaniambia. Waarabu waliupeleka mchungwa Uhispania pamoja na ujuzi wa kukamua maua yake, Wahispania wakavusha vyote viwili. Harufu ile ilikuwa na haki zote za kunikumbusha pwani.

Mkate huo huwekwa juu ya meza ya marehemu tarehe 1 na 2 Novemba, pamoja na mishumaa, maua ya njano, picha na vile marehemu alivyopenda, hata kama ni soda au sigara. Oaxaca huchomeka kisura kidogo kilichopakwa rangi juu ya mkate. Sehemu nyingine huufinyanga umbo la mtu. Na kila mwaka ukifika msimu utaisoma hadithi ileile: eti zamani palitolewa sadaka msichana, moyo wake ukatiwa ndani ya mchicha, na Wahispania kwa kushtuka wakaoka mkate wenye umbo la moyo na kuupaka sukari nyekundu badala ya damu.

Sikubaliani nayo. Wahispania tayari walikuwa na mikate ya roho za wafu kwao, waliyoipeleka kanisani na makaburini siku hiyohiyo ya Novemba. Na wenyeji tayari walikuwa na tzoalli na desturi ya kuwapa wafu chakula. Mila mbili zinazokaa tarehe moja na meza moja hazihitaji msichana wa kuchinjwa ndipo zioane. Hadithi ya moyo inapendwa kwa sababu inamwacha mwenyeji akiwa mkatili na Mhispania akiwa mstaarabu aliyemwokoa kwa sukari. Lakini aliyeufinyanga mkate ukawa mifupa, akaupa fuvu, akamwandalia babake pamoja na pombe yake, hakuwa anaokolewa na yeyote. Alikuwa anachukua unga aliolazimishwa kuulima akausemesha lugha yake.

UNESCO iliiingiza sikukuu hiyo ya wafu katika orodha yake mwaka 2008. Watu weusi wa Meksiko walingoja zaidi. Ni katika sensa ya mwaka 2020 ndipo kila raia aliulizwa kama anajitambua kuwa wa asili ya Kiafrika, na zaidi ya milioni 2.5 wakasema ndiyo. Hadi hapo, katika sensa za taifa, walikuwa hawapo. Kuna mchoro wa kale, katika kitabu cha picha kiitwacho Kodeksi ya Azcatitlan, unaoonyesha mtu mweusi amesimama na mkuki karibu na Cortés. Wengi wanadhani ni Garrido. Mchoraji hakuandika jina.

Ngano ya Meksiko, kwa upande wake, imekuja hadi kwetu. Kuanzia mwaka 1944 Norman Borlaug alifanya kazi Meksiko akitafuta ngano fupi isiyoanguka na isiyoshindwa na kutu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970, na kituo cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kipo hadi leo Texcoco nje ya Jiji la Meksiko. Mwaka 1999 iliporipotiwa aina mpya ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda, ikapewa jina Ug99, dunia ililazimika kutafuta mahali ambapo ugonjwa upo ili mbegu zijaribiwe hapo. Mahali penyewe ni Njoro. Mbegu kutoka Meksiko na nchi nyingine nyingi hupandwa pale, zikaachwa ziugue, na zinazosimama ndizo zinazorudishwa. Kuna Wakenya wanaopita mistari ya ngano hiyo asubuhi na daftari, wakiandika punje ipi ya nani imeishi. Sijui mtu mwingine aliyefanya kazi inayokaribiana zaidi na ile ya Garrido bustanini mwake.

Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme Watatu, familia za Meksiko hukata rosca, mkate mkubwa wa duara wenye matunda yaliyokaushwa kwa sukari. Ndani yake kumefichwa kitoto kidogo cha plastiki. Kila mtu anakata kipande chake mwenyewe, polepole, wengine wakichungulia pembeni mwa kisu. Anayekikuta kitoto ana deni: tarehe 2 Februari atawalisha wote tamales, donge la mahindi lililofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, chakula kilichokuwepo kabla Mhispania yeyote hajaziona pwani zile. Deni la mkate hulipwa kwa mahindi.

Siku nyingine zote za mwaka, pembezoni mwa barabara za mji mkuu, kabla jua halijapanda, anasimama mama na sufuria kubwa inayofuka. Mteja anayekimbilia kazini anaagiza. Mama anachukua bolillo, mkate mweupe wa mtindo wa Kifaransa, anaupasua kwa mkono, anamenya tamal ya moto na kuitia humo nzima nzima. Wameipa jina guajolota, bata mzinga jike, na hakuna anayejua kueleza vizuri kwa nini. Inaliwa kwa kusimama, mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kikombe cha atole. Atole ni uji wa mahindi.